UZI: Viza, kipande na swali la "utarudi kweli?"

1.
Kila mara mjadala wa viza ukianza humu, tunagawanyika kambi mbili kabla hata chai haijapoa. Kambi ya kwanza: "Wao wametufungia mlango, sisi tunawafungulia wetu wa nini?" Kambi ya pili: "Wageni ndio pesa, fungua mlango hoteli zijae." Mwanasiasa mmoja anatoa tamko, mwingine anampinga, na sisi tunakesha tukirushiana maneno.

Leo tuangalie hii kitu ilitoka wapi. Kanuni za uzi huu ni zile zile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Chukueni chai, ni ndefu kidogo.

2.
Naanza na mama mdogo wangu. Ana duka Nakuru, ana bwana, ana nyumba, ana ng'ombe wawili na watoto wengine watatu. Binti yake mkubwa alijifungua ng'ambo kwa upasuaji. Mama mdogo akataka kwenda kumlea mzazi hizo siku arobaini, kama mama yeyote. Akajaza fomu, akapeleka taarifa za benki za miezi sita, leseni ya duka, hati ya shamba, cheti cha ndoa, barua ya daktari. Akalipa ada.

Jibu likaja: hatujaridhika kwamba utaondoka nchini mwisho wa ziara yako. Ada hairudishwi.

Alichouliza siku hiyo jikoni sijakisahau: "Kwani nani aliwaambia nataka kubaki?"

3.
Hilo swali lake ndilo tutalifuata leo. Masharti ya kuingia nchi ya watu, ukiyavua makaratasi yote, yanauliza mambo matatu tu: wewe ni nani, umekuja kufanya nini, na utarudi lini. Hayo yameulizwa tangu zamani. Kinachobadilika ni nani anatakiwa kuyajibu: mgeni mwenyewe, mwenyeji wake, kampuni ya ndege, au serikali yake. Ukijua nani amebebeshwa huo mzigo, umeelewa siasa yote ya viza.

4.
Tuanzie pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1331 msafiri kutoka Morocco, Ibn Battuta, alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Kuhusu Mogadishu aliandika desturi moja nzuri sana kwa mada yetu. Chombo kikitia nanga, vijana wa mji walikiendea kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula. Kijana alimpa mfanyabiashara mmoja ile sahani na kusema huyu ni mgeni wangu. Basi huyo mfanyabiashara alifikia kwa mwenyeji wake, na biashara yake ilipitia kwa mwenyeji. Mtu akimlalia bei, au akimuuzia kitu mwenyeji hayupo, mauzo hayo hayakutambuliwa.

5.
Kwa hivyo tusidanganyane kwamba zamani watu waliingia tu popote. Sharti lilikuwepo, na mwenyeji alikuwa anapata chake hapo. Lakini angalieni mzigo uko wapi. Mwenyeji ndiye alisimama mbele ya mji na kusema namjua huyu. Mgeni hakuambiwa athibitishe kwamba atapanda chombo kurudi kwao. Pepo zenyewe zilijulikana: kaskazi inakuleta, kusi inakurudisha.

Leo bado tuna "barua ya mwaliko". Binti ya mama mdogo aliiandika, akaweka mpaka hati zake za mshahara. Siku hizi barua hiyo ni karatasi moja kati ya karatasi thelathini.

6.
Sasa tuingie Kenya ya mkoloni, kwa sababu mara ya kwanza serikali kumwambia Mkenya "thibitisha wewe ni nani na unaenda wapi" haikuwa kwenye ubalozi wa mtu. Ilikuwa hapa hapa, kwenye ardhi yake.

Sheria ya kuandikisha Waafrika ilipitishwa 1915. Vita Kuu ya Kwanza ikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa 1919 na 1920. Mwanamume Mwafrika kuanzia umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba cheti chenye jina lake, alama za vidole, mwajiri wake na mshahara wake. Kiliwekwa ndani ya kikopo cha chuma, wengi wakakining'iniza shingoni. Ndicho kipande.

7.
Kipande kilikuwa na meno. Ukiacha kazi kwa mzungu bila yeye kutia sahihi, wewe ni mtoro. Polisi akikukuta barabarani bila kipande, umekwisha. Mshahara wako wa zamani uliandikwa pale, kwa hivyo mwajiri mpya alijua kiwango cha kukupa. Mzungu hakubeba kipande. Yeye alichukuliwa kuwa mtu mwaminifu mpaka ionekane vingine.

Watu walikikataa. Machi 1922 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi ukidai kiongozi wao aliyekamatwa aachiliwe, na kipande kilikuwa kati ya malalamiko yao makubwa pamoja na kodi na kazi ya kulazimishwa. Risasi zikapigwa. Zaidi ya watu 20 wakafa. Ni mwishoni mwa miaka ya 1940 ndipo ikaletwa sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote.

Kumbukeni hili tukifika mbele: hatia kwanza, ushahidi baadaye.

8.
Wakati huo huo, Ulaya nayo ilikuwa inajifunza pasipoti. Kabla ya 1914 mtu mwenye nauli aliweza kuzunguka sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi bila hati yoyote. Vita vikabadilisha. Kila serikali iliogopa majasusi na watoro wa jeshi, wakadai hati na picha. Uingereza ilianza pasipoti yenye picha mwaka 1915, ule ule mwaka wa sheria ya kipande.

Vita vikaisha, hati hazikuondoka. Mwaka 1920 Shirikisho la Mataifa liliitisha mkutano Paris, likakubaliana umbo moja la pasipoti: kijitabu cha kurasa 32. Wengi waliokaa mkutano ule waliona ni mpango wa muda tu, ufutwe mambo yakitulia. Ni zaidi ya miaka 100 sasa. Mambo hayajatulia.

Funzo dogo hapo: sharti likiletwa kwa sababu ya dharura, uliza siku ya kuondolewa imeandikwa wapi.

9.
Sasa ile sehemu ambayo watu wengi wa rika langu hatukufundishwa vizuri shuleni. Kuanzia 1948, sheria ya Uingereza ilisema raia wa Uingereza na wa makoloni yake ni raia wa aina moja. Kisheria, mtu wa Nairobi au Kingston mwenye pasipoti hiyo aliweza kupanda meli, akashuka Uingereza, akafanya kazi. Walimwita nyumbani kwa sababu viwanda na hospitali zao zilihitaji watu.

Mwaka 1962 wakabadilisha. Sasa watu wa Jumuiya ya Madola walihitaji vocha ya kazi. Lakini pengo moja likabaki: mwenye pasipoti iliyotolewa na serikali ya London yenyewe hakuguswa.

10.
Disemba 1963 Kenya ikapata uhuru. Tulikuwa na Wahindi, au Waasia kama tulivyozoea kuwaita, zaidi ya 170,000 kwa hesabu ya sensa ya 1962. Baadhi walikuwa raia wa Kenya moja kwa moja kwa sababu ya kuzaliwa kwao na wazazi wao. Wengine walipewa miaka 2 waombe uraia. Wengi waliomba. Wengi pia walisita, wakabaki na pasipoti za Kiingereza walizoahidiwa kwamba ni kinga yao.

Mwaka 1967 Kenya ikapitisha sheria mpya ya uhamiaji na nyingine ya leseni za biashara. Asiye raia alihitaji kibali cha kufanya kazi, na kuna maeneo na bidhaa ambazo hakuruhusiwa kufanyia biashara. Fundi, karani, mwenye duka, mwalimu: wengi wakaona mlango wa riziki unafungwa. Wakaanza kukata tiketi za London.

11.
Hapo Uingereza ikaingiwa na hofu. Mwisho wa Februari 1968 mswada ukapelekwa bungeni, na ndani ya siku 3 ulikuwa sheria. Siku 3! Tarehe 1 Machi 1968 pasipoti ambayo jana ilikuwa inafungua mlango ikawa haifungui.

Sharti jipya lilikuwa hili: una pasipoti yetu, sawa, lakini wewe, au mzazi wako, au babu au bibi yako, alizaliwa Uingereza? Kama hapana, simama kwenye foleni ya vocha. Vocha zilizotengwa mwanzoni ni 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia.

12.
Hebu fikirini maana yake kwa vitendo. Mzungu aliyezaliwa Nakuru, ambaye hajawahi kuona London, aliingia kwa sababu ya babu yake. Mhindi wa Nakuru mwenye pasipoti ile ile, rangi ya kava ile ile, akazuiwa. Sheria haikutaja rangi popote. Ilitaja babu. Kila mtu alijua babu wa nani amezaliwa wapi.

Kuna watu waliofika Uingereza wakarudishwa, wakakataliwa walikotoka, wakawa wanazungushwa kutoka uwanja wa ndege mmoja hadi mwingine wakiwa na pasipoti halali mkononi. Kesi zikafika Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mwaka 1973 Tume hiyo iliona kwamba kubagua watu kwa rangi namna hiyo kulikuwa ni kuwatweza utu wao.

13.
Na tuwe wakweli, kwa sababu uzi wa kuwalaumu wazungu peke yao ni rahisi sana kuandika. Wale watu walikuwa wameshikwa katikati. London ilisema babu yenu si wetu. Nairobi ilisema karatasi zenu si zetu. Pande zote mbili zilikuwa na wapiga kura wa kufurahisha, na pande zote mbili zilitumia masharti ya kuingia na kuishi kufanya kazi ambayo hotuba zisingeweza kuifanya wazi.

Kwa hivyo mtu akikuambia sheria ya uhamiaji ni jambo la kiufundi tu la maafisa, mkumbushe 1968.

14.
Twende Marekani kidogo, kwa sababu ndiko swali la mama mdogo lina jibu la moja kwa moja. Sheria yao ya uhamiaji ya 1952 ina kifungu ambacho bado kinatumika kwa viza nyingi za matembezi. Kinasema, kwa maneno yangu: mwombaji achukuliwe kuwa anataka kuhamia, mpaka yeye mwenyewe amridhishe afisa kwamba sivyo.

Someni tena polepole. Kwenye kesi ya jinai, anayekushtaki ndiye anathibitisha. Hapa umeshahukumiwa nia yako kabla hujafungua mdomo, na kazi yako ni kujitoa. Nchi nyingine zimeandika kwa lugha nyingine, lakini mantiki ni hiyo hiyo. "Nani aliwaambia nataka kubaki?" Sheria ndiyo iliwaambia, mama.

15.
Ndiyo maana zile karatasi ziko vile zilivyo. Taarifa ya benki haiombwi ili wajue kama utanunua chakula pekee. Wanaangalia kama una kitu cha kukuvuta kurudi. Cheti cha ndoa, hati ya shamba, barua ya mwajiri: zote ni kamba za kukufunga nyumbani. Kijana ambaye hajaoa, hana shamba na hana kazi ya mshahara hana kamba. Sasa hesabu vijana wangapi wa Kenya wana kamba. Ndipo utaelewa kwa nini mwanafunzi aliyealikwa kwenye kongamano la siku 4 ananyimwa, na mbunge anapita.

16.
Miaka ya 1980 mzigo ukahamishwa tena. Mwaka 1987 Uingereza ilipitisha sheria ya kutoza shirika la ndege faini ya pauni 1,000 kwa kila abiria aliyeletwa bila hati zinazotakiwa. Baadaye faini ikafika 2,000. Nchi nyingine nazo zina sheria za aina hiyo.

Matokeo yake unayajua kama umewahi kusafiri. Yule dada wa kaunta pale JKIA anayegeuzageuza pasipoti yako, anampigia mtu simu, anakuuliza tiketi ya kurudi iko wapi, si afisa wa uhamiaji wa nchi yoyote. Anaogopa faini ya kampuni yake. Mpaka wa Ulaya umehamia Embakasi. Na kwa kaunta hakuna hakimu wala rufaa.

17.
Wakati huo huo wao kwa wao walikuwa wanafungua. Mwaka 1985 nchi 5 zilitia sahihi mkataba pale Schengen, kijiji cha Luxembourg, wa kuondoa ukaguzi kwenye mipaka kati yao. Ulianza kufanya kazi 1995. Ukiondoa milango ya ndani, unakaza geti la nje, kwa sababu aliyeingia nchi moja ameingia zote. Katikati ya miaka hiyo ya 1990 ndipo Uingereza nayo, ambayo haikuwa ndani ya Schengen, ikaanza kudai viza kwa Wakenya wa kawaida wanaokwenda kutembea tu.

Leo viza ya Schengen ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Lazima pia uwe na bima ya safari ya angalau yuro 30,000. Ukinyimwa, ada imeenda.

18.
Sasa turudi kwa kambi ya kwanza: "Wakitufungia, tuwafungie." Hii inaitwa nipe nikupe, na si ujinga. Januari 2004 Marekani ilianza kuchukua alama za vidole za wageni wengi viwanjani. Jaji mmoja wa Brazil akaamuru Wamarekani wanaoingia Brazil wafanyiwe vivyo hivyo. Mwaka 2019 Brazil ikawaondolea viza Wamarekani, Wakanada na Waaustralia bila kupata kitu, halafu Aprili 2025 ikairudisha. Mwezi huo huo Namibia ikaanza kudai viza kwa raia wa nchi 31 ambazo hazikuwa zinawapa Wanamibia nafasi sawa.

Swali la kujiuliza ni moja: mgeni akikasirika na kwenda kwingine, nani anaumia? Brazil ina soko kubwa. Mbeba mizigo wa Diani ana msimu mmoja wa watalii.

19.
Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Afrika Kusini. Kwa miaka mingi viza yao ilikuwa kero kwa Wakenya, na kila ziara ya viongozi suala hilo lilirudi mezani. Tangu Januari 2023 Mkenya anaingia bila viza, hadi siku 90 kwa mwaka.

Kilichofungua ule mlango hakikuwa hasira mtandaoni. Serikali mbili zilikaa, na makubaliano yakagusa pia jinsi ya kurudisha watu watakaokiuka masharti. Yaani serikali yako inakubali kubeba ile kazi iliyokuwa inabebwa na mama mdogo peke yake: raia wetu akipitisha muda, tutampokea. Kwangu hii ndiyo nipe nikupe ya maana, na ndiyo haionekani kwenye mabango ya kampeni.

20.
Sasa kambi ya pili, "fungua mlango". Tuangalie mlango wetu wenyewe. Mwaka 2015 tulianza viza ya mtandaoni, na mgeni wa kawaida alilipa dola 50. Disemba 2023, sikukuu ya Jamhuri, ikatangazwa kwamba Kenya haina viza tena kwa mtu yeyote duniani. Makofi kila mahali.

Januari 2024 ikaja eTA. Mgeni anajaza fomu kabla ya safari, anaweka picha, anasema atalala wapi, analipa dola 30, anasubiri ruhusa. Mnaona shida? Raia wa baadhi ya nchi ambao awali hawakuhitaji viza yetu kabisa sasa wakatakiwa kuomba na kulipa. Waliokuwa wanalipa 50 walipata nafuu. Waliokuwa hawalipi chochote waliambiwa viza imeondolewa, na papo hapo wakapewa bili.

21.
Malalamiko yakawa mengi, hasa kutoka kwa Waafrika wenzetu. Mwaka 2025 serikali ikaondoa sharti la eTA kwa karibu nchi zote za Afrika. Hii ni hatua nzuri na inafaa kusemwa hivyo hata kama hupendi waliopo madarakani.

Lakini neno "karibu" lina watu ndani yake. Nchi mbili za Afrika zilibaki nje: Libya na Somalia. Sababu iliyotajwa ni usalama, na Mkenya yeyote anayekumbuka mashambulizi tuliyopitia hawezi kucheka hiyo sababu. Hata hivyo angalieni mantiki: mtu mmoja mmoja anahukumiwa kwa asili yake, anaambiwa ajitoe yeye. Ni ile ile tunayoilalamikia kwenye foleni za ubalozi Gigiri.

22.
Na ikianza mpakani huwa haiishii mpakani. Mwaka 1989 serikali ya Kenya iliamua kuwakagua Wasomali wa Kenya, raia, waliozaliwa hapa, wathibitishe kwamba ni Wakenya. Waliopita walipewa kadi ya ziada. Mkenya mwingine alihitaji kitambulisho kimoja, wao viwili. Ukiuliza wazee wa Garissa au Eastleigh watakuambia hiyo kadi ilihisi kama nini. Babu zao waliobeba kipande wangeitambua.

23.
Kuna njia nyingine, na tumeijaribu sisi wenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza iliundwa 1967 na kuvunjika 1977. Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi 1983. Familia za Taveta, Namanga na Vanga zilijua maana yake: harusi upande huu, mazishi upande ule, na askari katikati.

Jumuiya ikafufuliwa. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kazi Julai 2010. Tangu 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaweza kuvuka kati ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho tu. Dunia haikuisha. Mama wa soko la Busia hakuulizwa tena awe na pasipoti ya kwenda kununua ndizi. Hapa mzigo ulibebwa na serikali zenyewe, zilizokubaliana kuamini vitambulisho vya mwenzake.

Kwa Afrika nzima tumekwama. Itifaki ya Umoja wa Afrika ya watu kusafiri huru ilipitishwa Addis Ababa Januari 2018, na inahitaji nchi 15 ziiridhie. Miaka ilipita zikiwa 4 tu: Rwanda, Niger, Mali na São Tomé na Príncipe. Wengi walitia sahihi mbele ya kamera, wakarudi nyumbani wakaiweka kabatini.

24.
Kwa hivyo, Wakenya wenzangu, mwanasiasa akisimama tena na kusema "nimeondoa viza" au "nitawafungia hao", usipige makofi wala usizomee kwanza. Muulize haya:

Kuna fomu na ada imebaki? Basi imebadilishwa jina, haijaondolewa.
Nani anathibitisha nini: mgeni, mwenyeji, shirika la ndege au serikali?
Mtu akinyimwa, anaambiwa sababu, na kuna mahali pa kukata rufaa?
Ada inarudishwa ukikataliwa?
Tumepewa nini na upande ule, na imeandikwa wapi?
Sharti hili linaanguka kwa nani zaidi, ukilifuata mpaka kwa babu yake?

25.
Sisemi kila mtu aingie popote bila kuulizwa. Nchi ina haki ya kujua nani yuko ndani, na kuna watu kweli wanaopitisha muda. Ninachosema ni kwamba kumwambia mtu mzima mwenye duka, bwana na ng'ombe athibitishe jambo ambalo bado halijatokea, kwa gharama yake, bila rufaa, ni uamuzi wa kisiasa. Uliamuliwa na watu kwa tarehe zinazojulikana: 1915, 1952, 1968, 1987. Kinachoamuliwa kinaweza kuamuliwa upya, kama tunajua cha kudai.

26.
Mnaouliza: mama mdogo hakuomba tena. Alisema ile pesa ya ada ni karo ya muhula. Yule mtoto sasa anatembea, na anamwita nyanya yake kwa jina la simu, kwa sababu anadhani anaishi ndani yake.

Mwenye swali aulize hapo chini. Mwenye matusi ya chama chake, uzi mwingine uko hapo juu. Ukinikosoa tarehe au jambo lolote, nakushukuru mapema, nitarekebisha.